Kwa nini wema mdogo wa marafiki hutuinua moyo



Sisi tunaoishi ughaibuni tuna ada moja. Tukikaa tukaanza kukumbushana miaka ya mwanzo ya ugeni, kila mtu husimulia taabu zake: karatasi za uhamiaji, baridi, kazi za usiku, msimamizi wa tasnifu asiyejibu. Halafu katikati ya hadithi mtu husita kidogo, akasema, "Lakini kuna jamaa mmoja alinifanyia jambo siku ile, mpaka leo sijalisahau." Ukimuuliza jambo gani, utaambiwa: alinipa glovu zake. Alinisubiri kituo cha basi usiku. Alinipigia simu akaniuliza, "Umekula?" Basi. Kitu cha pauni mbili tatu kinakumbukwa robo karne, na huenda mtu huyo huyo amesahau ni nani aliyemlipia nusu ya kodi ya nyumba mwaka ule ule.

Mie si mtaalamu wa saikolojia, kazi yangu ni lugha. Lakini swali hili limenikaa kichwani muda mrefu na nimelisomea kidogo, kwa hiyo naomba nilieleze kwa kadiri nilivyolielewa. Hoja yangu kwa ufupi ni hii: tumezoea kusema kwamba wema mdogo hutuinua ingawa ni mdogo. Mimi naona mara nyingi hutuinua kwa sababu ni mdogo. Na tusipolielewa hilo, tunaunyima watu wema ambao tungeweza kuutoa leo hii bila gharama yoyote.

1. Kinachopokelewa si kitu chenyewe

Tuanze na utafiti mmoja uliofanyika Chicago. Watafiti wawili, Amit Kumar na Nicholas Epley, walikwenda wakati wa baridi kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu katika bustani ya Maggie Daley. Waliwapa watu kikombe cha chokoleti ya moto na kuwaambia wanaweza kukinywa wenyewe au kumpa mtu yeyote wasiyemjua pale uwanjani. Wengi waliamua kutoa. Kabla hawajapelekewa wenzao, waliulizwa: unadhani huyu atakayepokea atakiona kitendo hiki kikubwa kiasi gani, na atafurahi kiasi gani? Halafu waliopokea nao wakaulizwa. Waliotoa walikadiria chini. Waliopokea walifurahi zaidi ya walivyotazamiwa, na walikiona kitendo kuwa kikubwa zaidi ya alivyokiona mtoaji. Matokeo yao, pamoja na ya majaribio mengine, yalichapishwa katika jarida la kisayansi mwaka 2023.

Katika jaribio jingine la watafiti hao hao, kitu kilikuwa keki ndogo. Baadhi ya watu walipewa keki kwa kuwa tu wameshiriki katika utafiti; wengine walipewa keki ile ile lakini wakaambiwa kuna mwenzao ameamua kuwapa. Keki moja, sukari moja. Waliopewa na mwenzao ndio waliofurahi zaidi. Watoaji, walipotakiwa kukisia, hawakuiona tofauti hiyo. Wao walifikiria keki.

Hapa ndipo pana ufunguo wa jambo lote. Anayetoa hutazama kile kitu alichoshika mkononi na kukipima: ni keki tu, ni chai tu, ni simu ya dakika tatu. Anayepokea hatazami kitu, anatazama kilichokisukuma kitu. Anajiambia, kumbe kuna mtu ameniwaza. Watu wawili wanakitazama kikombe kimoja, mmoja anaona chai, mwingine anaona kwamba amekumbukwa.

Wazee wetu walilifupisha hili: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Vijana wetu waliozaliwa huku hupenda kuniuliza hilo "usambe" ni nini, nami huwaeleza kwamba ni usiseme, kutokana na kitenzi cha zamani kuamba. Lakini methali hii mara nyingi tunaitumia kumtia moyo maskini atoe. Tunasahau kwamba inamhusu na mpokeaji pia: naye hapokei utajiri, anapokea moyo.

2. Wema na deni

Sasa nije kwenye upande ambao hatupendi kuusema. Wema mkubwa una uzito wake. Tazameni neno letu fadhila. Tunaposema "nataka kulipa fadhila", fadhila ni ule wema niliotendewa. Tunaposema "fadhila ya punda ni mateke", fadhila ni malipo ya ule wema. Neno moja limebeba kutoa na kulipa, kana kwamba lugha yenyewe inakwambia ukipokea hili, na lile umeshalipokea. Halafu tunacho kitenzi kusimanga, yaani kumkumbusha mtu wema uliomtendea kwa namna ya kumuumiza. Lugha haitengi kitenzi kizima kwa jambo lisilotokea. Nani kati yetu hajawahi kuogopa kusimangwa?

Utafiti nao umegusa hapo hapo. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wachumba na wanandoa ambao mmoja wao alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuruhusiwa kufanya kazi ya uwakili huko New York. Kila siku wote wawili, kila mtu kwa upande wake, waliandika kama wametoa au wamepata msaada na hali zao za moyo zilikuwaje. Ikaonekana kwamba msaada ambao mtahiniwa aliutambua kuwa ni msaada ulielekea kumwongezea unyonge. Uliomfaa zaidi ni ule ambao mwenzake aliandika ameutoa, lakini yeye mtahiniwa hata hakuuona: vyombo vimeoshwa, simu zimepokelewa, chakula kipo mezani. Sababu si ngumu kuielewa. Msaada unaoonekana sana unakwambia mambo mawili kwa pamoja: kwamba unapendwa, na kwamba umeshindwa. Hilo la pili linaweza kulifunika la kwanza.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Mama yangu alifariki mwaka 1999, nikiwa mwaka wa tatu wa masomo ya udaktari Uingereza. Sikuweza kwenda kuzika. Pasi yangu ya kusafiria ilikuwa katika ofisi moja ya serikali kwa ajili ya kuongezewa muda wa kukaa, na kila nilipopiga simu niliambiwa nisubiri. Basi nikasubiri, nao kule nyumbani wakazika.

Wanajumuiya wetu pale mjini walifanya lililowapasa. Palichangwa fedha, zikapelekwa nyumbani kwa ajili ya matanga, na mimi nikapewa daftari lenye majina na kiasi alichotoa kila mtu. Wale walinisitiri, na sitasema vingine. Lakini nakiri daftari lile niliishi nalo miaka. Kila palipotokea msiba au arusi nililifungua kwanza nione fulani alitoa ngapi. Ni haki na ni desturi yetu. Ila daftari lilinisaidia kuzika, halikuniinua.

Kilichoniinua ni vingine. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa alikuja asubuhi iliyofuata na chupa ya chai, mahamri na mbaazi. Hakuhubiri. Alimimina chai, akakaa. Mchana akaondoka, kesho yake akarudi. Mwanafunzi mwenzangu, Mwingereza, alichukua darasa nililokuwa nalifundisha siku za Jumanne, akalifundisha wiki tatu, na mie nilikuja kujua kwa wanafunzi wenyewe. Na mwingine, ambaye hata hatukuwa karibu sana, alinipigia simu siku ya arobaini. Nilikuwa nimejifungia maktaba ili siku ile inipite tu. Alisema, "Leo ni arobaini ya mama. Nimeona nikujulie hali." Tulizungumza kama dakika tano. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, na nakumbuka kwamba kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisikia njaa.

Hakuna kati ya hayo matatu linaloweza kuandikwa daftarini. Utaandika nini? "Simu, dakika tano"? Na kwa kuwa haliandikiki, halidaiwi. Linakuacha na heshima yako. Hujawa maskini wa mtu, umekuwa rafiki wa mtu tu. Ndiyo maana nasema udogo wenyewe ni sehemu ya dawa.

Wazee walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Kwa mji wa asili ilikuwa kweli, kwani ndugu walikuwa nyumba ya pili. Huku mzaliwa nawe yuko mbali mwendo wa ndege usiku kucha, na anayegonga mlango asubuhi ni huyo mla nawe.

3. Lugha yetu ilishalijua jambo hili

Kama mtu wa lugha siwezi kupita bila kulisema neno pole. Mtafuteni mwenzake katika Kiingereza, hamtampata. Mwingereza akiangusha vitabu vyake nawe ukampa lile neno lao la kuomba radhi, atakujibu, wala si kosa lako. Neno lao limebeba huruma na kukiri kosa kwa pamoja. Pole yetu imebeba huruma peke yake. Haisemi nimekosa, haisemi nitakutatulia, inasema tu: nimeiona taabu yako. Ndiyo sababu tunaweza kuitoa kwa kila kitu, pole na safari, pole na kazi, pole kwa msiba. Na jibu lake la asili, nishapoa, ni jibu la ajabu ukilitafakari. Mtu hajapoa bado. Lakini kwa kuwa umempa pole, anakwambia ameshaanza kupoa.

Kadhalika kujuliana hali. Kwetu ni kitendo kamili, hakihitaji kisingizio. Unaweza kwenda kwa mtu mchana wa Ijumaa, akakuuliza umekuja na habari gani, ukamjibu, "Sina habari, nimekuja kukujulia hali," na hilo likatosha. Na mnaikumbuka Ramadhani ya pwani, watoto wakipishana njiani kabla ya magharibi na sahani zilizofunikwa kawa. Nyumba hii inapeleka kaimati, ile inarudisha tambi, na sahani hairudi tupu. Kwa hesabu ya chakula hakuna aliyepata wala aliyekosa, kila nyumba imefuturu kiasi kile kile. Lakini kila nyumba imekumbukwa na nyumba nyingine, jioni ile, kwa jina. Hiyo ndiyo faida yote, nayo si haba.

Tumeyaacha haya kwa kuwa huku watu hawaendi kwa mtu bila miadi. Sawa. Ila tumeacha kitendo chote badala ya kukitafutia sura nyingine.

4. Jambo hili linaweza kufika mbali

Mtu asije akadhani nazungumzia mambo ya kupendeza tu. Kuna utafiti mmoja ambao kila nikiusoma hunisimamisha. Daktari wa magonjwa ya akili wa San Francisco aitwaye Jerome Motto alijiuliza hivi: watu waliolazwa kwa sonona au kwa kutaka kujiua, kisha wakatoka na kukataa matibabu ya kuendelea, tutawafikiaje? Hawataki dawa wala kuonana na daktari. Kati ya wagonjwa 3,005 aliowafuatilia, 843 walikuwa wa namna hiyo. Akawagawa kwa bahati nasibu makundi mawili. Kundi moja halikupata chochote. Kundi la pili walipelekewa barua fupi, kwanza kila mwezi, kisha kwa nafasi zaidi, kwa muda wa miaka mitano. Barua hazikuwa na ushauri wala hazikumwambia mtu arudi hospitali. Zilisema kwa ufupi kwamba ni muda tangu uondoke, tunatumaini unaendelea vizuri, na ukipenda kutuandikia tutafurahi.

Motto na mwenzake Alan Bostrom walipochapisha matokeo mwaka 2001, walionyesha kwamba katika miaka miwili ya mwanzo waliopelekewa barua walijiua kwa kiwango cha chini kuliko wasiopelekewa. Baadaye tofauti ilipungua kidogo kidogo mpaka ikatoweka. Majaribio ya namna hii yaliyofanywa na wengine hayakutoa jibu moja, mengine yaliona faida na mengine hayakuona, kwa hiyo sitaki kulifanya jambo hili kuwa muujiza. Lakini fikirieni: karatasi yenye sentensi mbili, isiyodai chochote, kwa mtu aliyekwisha kukataa kila kitu.

Na wenye kuhitaji si wachache. Ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Juni 2025 inakadiria kwamba mtu 1 katika kila 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Miongoni mwetu wapo: mzee aliyekuja kwa mwanawe na hana wa kuzungumza naye mchana kutwa, kijana aliyefeli mwaka wa kwanza na hajawaambia nyumbani, dada anayefanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee na kulala mchana watu wakiwa macho. Hawa hawatatuma ombi la msaada, maana wakiulizwa hali zao watasema ni njema.

5. Kwa nini basi tunajizuia?

Kwanza, kwa sababu ya hesabu ile mbaya ya Chicago: tunapima kitu, tunakiona kidogo, tunaona aibu. Pili, tunadhani tumechelewa. "Sijampigia mwaka mzima, nitaanzaje?" Hapa kuna habari njema. Mwaka 2022 Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha majaribio 13 yenye washiriki zaidi ya 5,900 kuhusu watu kuwatafuta rafiki na jamaa kwa ujumbe mfupi au kijizawadi. Kama ilivyotarajiwa, watafutaji walikadiria chini furaha ya waliotafutwa. Lakini la muhimu ni kwamba kadiri mtu alivyokuwa hatarajii kutafutwa, ndivyo alivyothamini zaidi. Kwa maneno mengine, ule ukimya wa mwaka mzima unaokutia aibu ndio utakaoipa simu yako uzito.

Tatu, tumeiga sentensi moja: "Ukihitaji chochote, usisite kuniambia." Inasikika nzuri, na anayeisema huwa hana ubaya. Lakini itazameni kazi inayoifanya. Inamtwika aliyelemewa kazi ya kufikiri anahitaji nini, kuchagua amwombe nani, kisha kuomba. Nani ataomba? Kwetu hakuna aliyeambiwa hivyo. Kwetu mtu alikuja na ndoo ya maji. Afadhali useme, "Kesho saa kumi napita na uji," au "Watoto nitawachukua shule Alhamisi." Mwenzako anabaki na kazi moja tu, ya kusema haya.

Nne, siku hizi tumepata njia rahisi mno. Kila Ijumaa simu yangu hujaa picha za maua na salamu zilizopelekwa kwa watu mia mbili kwa mkupuo. Sizikejeli, nia ni njema. Lakini kama hoja yangu ni sahihi, kwamba kinachoinua moyo ni kujua umewazwa wewe, basi salamu ya watu mia mbili haiwezi kufanya kazi ya salamu ya mtu mmoja. Sauti ya sekunde ishirini yenye jina langu, "Bwana wee, leo nimepita pale tulipokuwa tukinywa kahawa, nimekukumbuka," inazishinda picha za mwaka mzima.

6. Mipaka yake

Wema mdogo si badala ya wema mkubwa. Mtu anayekabiliwa na kufukuzwa nchini anahitaji wakili, na mahamri hayatamtetea mahakamani. Mtu mwenye sonona anahitaji tabibu, na rafiki mwema ni yule atakayemsindikiza. Michango yetu ya misiba na iendelee, bila hiyo wengi wetu tungefedheheka. Nasema tu kwamba baada ya mchango kukusanywa na kupelekwa, kazi moja inabaki, na hiyo haina mweka hazina.

Pia wema huu huharibika upesi. Ukiutangaza, umekuwa tangazo. Ukiukumbusha, umesimanga. Ukiuzidisha kwa mtu asiyeuweza, umemrudisha kwenye daftari. Udogo wake ni lazima uulinde.

Kwa hiyo nina pendekezo moja la vitendo. Chukua kalenda. Andika tarehe za misiba ya rafiki zako, maana siku ya kwanza kila mtu huja, ila arobaini na mwaka huwa hakuna mtu. Andika siku ya mtihani wa kijana wa fulani, siku ya miadi ya hospitali ya mama fulani. Siku ikifika, piga simu. Usitafute la kusema, mjulie hali tu.

Naomba kuwasilisha.